Fidla inafuata miguu: nani anamwongoza nani kwenye muziki wa asili wa Italia

Luigi Stifani alikuwa kinyozi. Alizaliwa 1914 pale Nardò, mji mdogo kwenye kisigino cha Italia, sehemu wanayoiita Salento, na maisha yake yote watu walimjua kwa vitu viwili tu, wembe na fidla. Siku za kawaida ananyoa ndevu za watu, lakini mwezi wa sita ukiingia, wakati wa mavuno na jua kali, anaweza kugongewa mlango saa yoyote na watu wa vijijini kwamba binti yetu kaumwa na taranta, yaani buibui, tafadhali njoo na wenzako upesi. Basi anafunga saluni, anachukua fidla yake, anawapitia mpiga tari, mpiga kodiani na mpiga gitaa, wanaenda. Na wakishafika huko hawapigi wanachotaka wao. Mimi naanzia hapo kwa sababu nimezisikiliza sana hizi bendi za Italia zinazopiga muziki wa asili kwa vyombo vya mbao, ngozi na pumzi, na kila nikijaribu kuelewa kwanini moja inanishika na nyingine inanipita tu, nagundua jibu liko kwenye chumba kile cha mgonjwa.

Chumba chenyewe kinaachwa wazi katikati, shuka jeupe linatandikwa chini, mwanamke analala pale hasemi na mtu. Wapigaji wanaanza wimbo mmoja huku wanamwangalia. Hakuna kitu. Wanabadilisha, wanajaribu mwingine, bado. Wanajaribu wa tatu mpaka mguu utikisike kidogo au kichwa kianze kwenda huku na huku, na hapo hapo wanajua wamempata, wanaushika wimbo huohuo hawauachii tena. Wenyewe Wasalento wana neno la hilo, scazzicare, maana yake ni kama kuchokoza kitu kilicholala ndani ya mtu mpaka kiamke. Akitambaa sakafuni kama buibui muziki unakaa naye pale chini, akinyanyuka akaanza kuzunguka chumba fidla inapanda naye, akianguka wanafuta jasho, wanapumzika kidogo, wanaanza tena, na hiyo inaweza kuendelea siku mbili tatu mpaka Mtakatifu Paulo atoe kibali kwamba mgonjwa kapona. Familia ndo inalipa yote hayo, na kwa watu wa kuchuma tumbaku na kuvuna ngano za shamba la mtu mwingine zile zilikuwa hela nyingi sana, kuna nyumba ziliingia madeni kwa ajili ya kulipa wapigaji. Halafu tarehe 29 Juni, sikukuu ya Mtakatifu Petro na Paulo, wagonjwa wanapelekwa kwenye kanisa dogo la Mtakatifu Paulo pale Galatina kushukuru au kuomba tena.

Msomaji wa Tanga, Pemba au Lamu nadhani ameshaelewa bila mimi kumaliza, kwa sababu kwetu nako fundi anajua kabisa kwamba pepo hapandi kwa ngoma yoyote ile, anataka ngoma yake, na mpigaji asiyesoma mwili wa mgonjwa atapiga mpaka asubuhi bure. Sio mimi wa kwanza kuona huo mfanano. Ernesto de Martino, msomi mzaliwa wa Napoli, alikwenda Salento kiangazi cha 1959 na timu nzima, daktari wa magonjwa ya akili, mpiga picha, na mtaalamu wa muziki Diego Carpitella, na kwenye kitabu alichotoa 1961 alilinganisha mambo ya taranta na ibada za pepo za kwetu Afrika, zar ya Ethiopia na bori ya Wahausa. Hitimisho lake ni kwamba sumu ya buibui haikuwa ndo shida yenyewe. Wengi wa wagonjwa walikuwa wanawake, wengi waliumwa mara ya kwanza wakiwa wasichana, na "ugonjwa" ulikuwa unarudi kila mwaka msimu uleule. Kuna mmoja wa Nardò ambaye de Martino alimpa jina la Maria, alikuwa amependana na kijana, familia ya kijana ikakataa kwa sababu za kifedha, baadaye akaolewa na mwanaume ambaye hakumtaka. Huzuni ya namna hiyo haikuwa na mahali pa kusemewa kwenye kijiji kile, kwahiyo ilisemewa sakafuni mbele ya fidla, na waliokuwa wanaisikiliza kwa makini kuliko wote ni kinyozi na wenzake.

Sasa hapo ndo hoja yangu ilipo. Watu wakisikia "muziki wa akustiki" wanafikiria kukosa umeme, kwamba ni gitaa bila waya, ni utulivu, ni mishumaa. Kwa hawa Waitaliano wa kijijini kupiga bila mitambo ilikuwa ni suala la umbali tu. Mpigaji amekaa karibu kiasi kwamba anaona miguu ya mchezaji na mchezaji anaona jasho la mpigaji, na katika hao wawili anayeongoza ni mchezaji. Fidla inafuata miguu. Ukihama kutoka kwenye hicho chumba kwenda kwenye jukwaa lenye taa, utaratibu unageuka bila mtu yeyote kukusudia, kwamba sasa ni miguu inayofuata fidla, na mimi nasema hayo mageuzi ni makubwa kuliko kuongeza gitaa la besi au dramu, ambayo ndo watu wanagombania kila siku.

Nirudi kidogo kwa vinyozi maana sio bahati tu kwamba Stifani alikuwa kinyozi. Kusini yote ya Italia, kuanzia Puglia mpaka Sicilia, saluni ya kinyozi ndo ilikuwa chuo cha muziki cha mtu asiye na hela. Kinyozi ana muda wa kukaa kati ya mteja na mteja, ana vidole vyepesi, ana gitaa na mandolini zimetundikwa ukutani, na ana wateja wanaosubiri ambao hawana pa kwenda. Kijana aliyekuja kujifunza kunyoa alitoka na vyote viwili. Jioni haohao wanaitwa kwenda kumwimbia msichana chini ya dirisha, Jumapili wanaitwa harusini, na kwenye harusi wanapiga waltzi, mazurka, polka, chochote kinachotakiwa. Hao ndo "wanamuziki wa asili" wenyewe, watu wenye kazi nyingine ambao muziki wao ulikuwa huduma, kama kushona viatu au kuzalisha, na mtu wa huduma anamwangalia mteja usoni. Sidhani kama Stifani aliwahi kufikiria kwamba anahifadhi urithi wa taifa. Alikuwa anatibu watu, na aliandika kwenye daftari lake habari za wanawake aliowapigia, kama mganga anavyoweka kumbukumbu za wagonjwa wake.

Na lile tari lao, tamburello, lazima niliongelee vizuri kwa sababu wengi wanaliona kama kitu cha kutikisa tu cha mtoto wa shule. Ni ngozi ya mbuzi kwenye duara la mbao, pembeni kuna visahani vya bati, zamani walikuwa wanakata makopo. Linashikwa mkono mmoja limesimama wima, na mkono mwingine haupigi kama tunavyopiga ngoma, unageuka kwenye kifundo cha mkono, kidole gumba kinagonga, halafu ncha za vidole, halafu gumba tena, tatu tatu tatu bila kukatika, na uzito wa pigo unahama ili mguu wa mchezaji upate pa kutua. Ukisikiliza haraka unasikia kelele za bati tu. Ukikaa nalo robo saa unaanza kusikia kwamba kuna sauti nzito chini inaongea na sauti nyembamba juu, na mchezaji anachagua aifuate ipi. Mtu anayepiga usiku mzima vidole vinachubuka na ngozi ya tari inabaki na damu, hiyo Salento wanaijua wote. Zamani wanawake walikuwa wapigaji wazuri sana wa hilo chombo, hata kwenye kundi la Stifani tari lilikuwa mikononi mwa mwanamke, na mimi naona hilo lina maana yake, kwamba anayemsoma mgonjwa kwa karibu zaidi ni mwanamke mwenzake.

Ila nisiwadanganye kwamba Italia yote ni buibui. Sisi tulioko mbali, hata pale Malindi ambako Kiitaliano kinasikika mtaani kila siku, tukisema muziki wa Italia tunawaza opera au zile nyimbo tamu za Napoli, ambazo nyingi zilitungwa na watu wa mjini waliosoma noti na kuuza karatasi za nyimbo. Chini ya hizo kuna nchi nyingine kabisa. Kuna wapiga zampogna, yale mabomba ya mfuko wa ngozi, ambao msimu wa Krismasi wanashuka kutoka milima ya Abruzzo na Molise kwenda kupiga mitaani Roma na Napoli, wawili wawili, mmoja na mfuko mwingine na zumari fupi inayoitwa ciaramella. Kuna tammorra, lile tari kubwa la watu wa chini ya mlima Vesuvio, wanaolipiga kwenye sikukuu za Bikira Maria. Kuna organetto, ndugu mdogo wa kodiani, ambalo ukisukuma linatoa noti moja na ukivuta kwa kitufe kilekile linatoa nyingine, kwahiyo linahema kama mtu anayecheza, na mji wa Castelfidardo umekuwa ukitengeneza hizo familia za kodiani tangu 1863. Na kule kaskazini kwenye mabonde ya mto Po kulikuwa na wanawake waliokuwa wanaenda kupalilia mpunga, mondine, siku arobaini hivi kila mwaka wamesimama ndani ya maji wameinama, na wao chombo chao kilikuwa koo tu, mmoja anaanzisha na mstari mzima unaitikia.

Mmoja wao ni Giovanna Daffini, naye alizaliwa 1914 kama Stifani. Alifanya kazi ya mpunga, halafu yeye na mumewe Vittorio Carpi, mpiga fidla, wakawa wanazunguka kwenye harusi na masoko wanapiga na kuimba kwa chochote watakachopewa. Mwanzoni mwa miaka ya 60 watafiti kina Gianni Bosio na Roberto Leydi wakamrekodi, na mwaka 1964 akajikuta kwenye jukwaa la tamasha la Spoleto, tamasha la watu wenye nafasi zao, pamoja na kundi la Nuovo Canzoniere Italiano. Jioni hiyo iligeuka vurugu. Michele Straniero, mmoja wa kundi hilo, aliimba ubeti wa wimbo wa vita vya kwanza vya dunia kuhusu mji wa Gorizia, ubeti unaowalaumu maofisa waliotuma watu kufa, watu kwenye viti wakaanza kupiga kelele, kesi ya kulitukana jeshi ikafunguliwa, na magazeti yakaandika sana.

Hapo nakubali kwamba mimi mwenyewe hoja yangu inapata mtikisiko. Kama muziki huu ni mzuri pale tu mpigaji anapomfuata aliye mbele yake, basi Spoleto ilikuwa kosa, maana waliokuwa mbele hawakuutaka. Lakini haikuwa kosa. Kuna wakati wimbo wa mpalilia mpunga unatakiwa kwenda kusimama mbele ya mtu anayekula wali bila kujua umetoka wapi, na usimfuate hata hatua moja. Kwahiyo jukwaa silikatai. Ninachosema ni kwamba wale wa Spoleto walijua wanaimba kwa niaba ya nani, Daffini maji ya shamba alishayakanyaga kwa miguu yake mwenyewe, na ukisikiliza rekodi zake hasikiki kama mtu anayeomba kupendwa, sauti imekaza, haina mapambo, anaimba kama anayeita mtu aliye ng'ambo ya shamba.

Miaka kumi kabla ya Spoleto, yaani 1954 mpaka 1955, Mmarekani Alan Lomax alikuwa amezunguka Italia nzima na Carpitella wakiwa na mashine ya kurekodi, kijiji kwa kijiji, kutoka milima ya juu mpaka Sicilia, na Salento wakapita pia. Zile rekodi ndo zilibaki kama benki. Kwa sababu baada ya hapo watu walihama. Vijana walikwenda Torino na Milano kwenye viwanda, wengine Ujerumani, Uswisi, Ubelgiji kwenye migodi, televisheni ikaingia, na kwa Salento kulikuwa na jambo zito zaidi ya hilo, aibu. Familia zenye mgonjwa wa taranta hazikutaka kuongelewa. Mambo ya shuka jeupe na buibui yalionekana ni ushamba na ujinga wa watu wasiosoma, kwahiyo hata muziki wake ukafichwa, mzee anajua kupiga lakini mjukuu akiuliza anaambiwa achana na hayo.

Ndo maana nalipa uzito jambo alilofanya mwandishi Rina Durante mwaka 1975 alipoanzisha kundi la Canzoniere Grecanico Salentino. Jina lenyewe linataja Grecìa Salentina, vile vijiji ambavyo mpaka leo kuna wazee wanaongea Kigriko, lugha ya asili ya Kigiriki katikati ya Italia. Hao vijana hawakuanza na noti za kitabuni, walienda kukaa na wazee, wakajifunza kwa kuangalia mikono. Kundi lipo mpaka leo, tangu 2007 linaongozwa na Mauro Durante ambaye baba yake Daniele alikuwa mmoja wa waanzilishi, na Mauro anapiga vyote viwili, fidla na tari, kitu ambacho kwangu ni kama kuwa na Stifani na yule mwanamke wa pembeni yake ndani ya mtu mmoja. Wanasafiri dunia nzima, vyombo vyao vinapitia kwenye spika kama bendi yoyote, sauti imesafishwa. Na bado ukiwaangalia laivu, hasa kipande kile ambacho mchezaji wao anatoka mbele na skafu, utaona macho ya wapiga tari yanashuka. Wanaangalia miguu. Mchezaji akichelewa kugeuka, tari linamsubiri nusu pumzi. Mimi nikiliona hilo moyo unatulia.

Sasa twende Melpignano. Tangu 1998 kuna tamasha la Notte della Taranta, usiku wa taranta, linazunguka vijiji vya Grecìa mwezi wa nane na kufunga kwa konseti kubwa kwenye uwanja mbele ya nyumba ya zamani ya watawa pale Melpignano. Kila mwaka wanamwita kiongozi wa muziki kutoka nje ya mila yenyewe, Joe Zawinul, mpiga kinanda wa jazz, aliongoza mwaka 2000, Stewart Copeland yule wa dramu za The Police mwaka 2003, Ludovico Einaudi miaka miwili 2010 na 2011 ambaye alimleta mpaka Ballaké Sissoko wa Mali na kora yake. Watu wanaofika usiku ule wa mwisho wanapita laki moja, na televisheni inaonyesha nchi nzima. Kijiji chenyewe ni kidogo sana.

Kuna watu Salento wana hasira na tamasha hilo, wanasema limeuza mgonjwa kwa watalii. Mimi siko upande huo kabisa. Tamasha lilifuta aibu, na sioni kitu kingine ambacho kingeweza kuifuta kwa kasi ile. Mtoto wa 1990 na kitu aliyekuwa anaambiwa achana na mambo ya babu ghafla anamwona babu kwenye jukwaa linaloangaliwa na Italia nzima. Uccio Aloisi, mkulima wa Cutrofiano aliyezaliwa 1928, alikuwa ameimba maisha yake yote shambani na kwenye vilabu vya mvinyo, na uzeeni maelfu ya vijana wanaimba naye mistari yake mpaka alipofariki 2010. Nani atasema hilo ni baya? Halafu kuna ajira, mafundi wa matari wamerudi kufanya kazi, kuna bendi changa za watu wanne watano kila mji, fidla, organetto, tari, gitaa na sauti, wanapata mialiko ya sikukuu za vijiji kiangazi chote.

Kinachonisumbua ni kidogo kuliko hicho na kwa maoni yangu kina uzito zaidi. Kwenye jukwaa lile kuna okestra ya watu wengi, kuna kiongozi, na siku hizi kuna kikundi cha wachezaji waliofundishwa mpangilio wa hatua, wanahesabu. Muziki umepangwa dakika kwa dakika kwa ajili ya kamera, na lazima iwe hivyo, huwezi kuendesha kitu cha watu laki moja kwa kuangalia kidole cha mguu cha mtu mmoja. Ila tazama kilichotokea. Mchezaji ambaye zamani alikuwa anaamua wimbo uwe upi, uende kasi gani na uishe lini, sasa ndo wa mwisho kuambiwa. Ufundi wa Stifani wa kujaribu wimbo huu, kuuacha, kujaribu ule, hauna nafasi kwenye orodha ya nyimbo iliyochapwa. Na bendi changa zinajifunza kutoka wapi? Zinajifunza kutoka kwenye vidio za Melpignano, kwahiyo unakuta kikundi cha watu watano kijijini, mbele yao wanacheza watu ishirini, na wao wanapiga kwa kasi ileile ya televisheni kuanzia mwanzo mpaka mwisho huku wameangalia juu, kana kwamba hao ishirini hawapo. Bibi mmoja anajaribu kucheza pole pole na mjukuu wake pembeni, muziki unampita, anakaa. Mimi nikiona bibi amekaa najua bendi imeshindwa kazi, hata kama vidole vyao ni vyepesi namna gani.

Mtu anaweza kuniambia, lakini kuna sehemu za Italia ambako mpigaji ndo bosi na muziki ni mkubwa vilevile. Kweli. Sardinia kuna launeddas, matete matatu yanayopigwa kwa pamoja na mdomo mmoja, moja linatoa sauti ya kudumu isiyobadilika, mawili yanasuka wimbo, na mpigaji hakati pumzi, anavuta hewa puani huku mashavu yanasukuma iliyobaki, ufundi uleule wa wapiga zumari wa pwani yetu. Kwenye ngoma ya duara mpigaji anasimama katikati na wachezaji wanamzunguka wameshikana mikono, na yeye ndo anafungua mada mpya za wimbo, moja baada ya nyingine. Lakini soma alichokikuta mtafiti wa Denmark, Andreas Bentzon, aliyekaa nao miaka ya 50 na 60. Vijana wa kijiji ambao hawajaoa ndo waliokuwa wanamwajiri mpigaji kwa mwaka mzima ili kuwe na ngoma Jumapili, na wachezaji walikuwa wanazijua zile mada kwa miguu, mpigaji akizichanganya au akirukia mbele kabla ya wakati wanajua na wanasema. Yaani aliongoza akiwa ndani ya duara la watu waliokuwa wanamkagua. Kwahiyo tofauti na Salento sio kubwa kama inavyoonekana, ni duara lilelile, kilichobadilika ni nani yuko katikati.

Luigi Lai, mmoja wa mabingwa wa hayo matete, alizaliwa 1932 San Vito, akahamia Uswisi kutafuta maisha, huko akapiga vyombo vingine kabisa, na aliporudi kwao alikuta ngoma za duara za Jumapili zimeshapungua. Alifundisha watu wengi. Lakini wanafunzi wa siku hizi wengi wanapigia wasikilizaji waliokaa kwenye viti na kupiga makofi mwishoni, na hapo mpigaji anapata sifa bila kupata taarifa, hajui kama mada ya tatu ilikuwa ndefu mno, kwa sababu hakuna mguu uliomwambia.

Kama ningekuwa na la kusema kwa hizo bendi changa, nisingewaambia wazime spika wala warudi kwenye nguo za wakulima. Ningewaambia washushe jukwaa. Wakae usawa wa watu, mpiga tari awe mbele badala ya nyuma, orodha ya nyimbo iwe ndefu mara mbili ya muda waliopewa ili wachague palepale kwa kuangalia, na angalau mmoja kati yao awe anajua kucheza vizuri, maana asiyecheza haoni mguu unaomba nini. Hivyo ni vitu vidogo vya kazi, havina gharama, na wengine Salento wanavifanya tayari.

Mahali pa kuviona ni Torrepaduli, kitongoji cha Ruffano, usiku wa tarehe 15 kuamkia 16 Agosti, sikukuu ya Mtakatifu Roko. Si mbali na Melpignano, na ni wiki moja au mbili tu kabla ya konseti ile kubwa. Watu wanafika kila mmoja na tari lake, wanaunda maduara barabarani na kwenye uwanja wa kanisa, kumi hapa, ishirini pale, hakuna maiki, mara nyingine kuna kinanda cha mdomo au organetto, basi. Ndani ya duara wanaingia wawili, mara nyingi wanaume, wanacheza ngoma ya kupigana, vidole viwili vimenyooshwa kama kisu maana zamani inasemekana vilikuwa visu kweli, wanazungukana, wanatishiana, mmoja anagusa kifua cha mwenzake, anatoka, mwingine anaingia. Duara linabana wakikaribiana na kuachia wakiachana. Matari yanapanda pale tu mmoja anapotaka kushambulia na yanashuka akirudi nyuma, na hakuna aliyetoa amri. Aliyechoka anarudi nyuma hatua moja, wa pembeni anaziba nafasi bila pigo kupotea. Wengine vidole wamevifunga plasta, wengine damu imeshakauka kwenye ngozi, na inaendelea hivyo mpaka jua linatoka na watu wanaanza kuingia kwenye misa ya asubuhi.